Namba Iliyokuwa Nyuma ya Kabati

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na wanafunzi wangu wa Malindi watakwambia kwamba sina subira. Ni kweli. Mtu akiniletea jibu bila kuonyesha njia, namrudishia daftari na maneno mawili matatu ya kumlaza macho. Nalisema hili mapema ili nisije nikadhaniwa ni mtu wa kuona vivuli. Vivuli sivijui. Lakini kuna jambo lilinikuta nyumbani kwetu Tezo, na lilinijia kupitia kitu ninachokiamini kuliko vyote, yaani kugawanya. Tangu siku hiyo sijatulia.

Nilikuwa nimeenda kumfungia mama nguo. Kaka yangu mkubwa alikuwa amekwisha kata shauri: Jumamosi mama ahamie kwake Malindi, atake asitake. Alinipigia simu, sauti imemkauka. "Mama akili zimemruka. Nenda ukamfungashie vitu, mimi moyo huo sina." Nikaenda. Na kwa aibu nakiri kwamba hata mimi nilikuwa nimeamini.

Kisa kilikuwa choo. Mama amezeeka, magoti hayamtii, na choo chetu kiko kule mwisho wa shamba la mihogo. Msimu wa mvua aliteleza akalala matopeni mpaka jirani alipomsikia. Kaka akasema basi, tunamjengea choo cha ndani, na shimo lake lichimbwe karibu. Tatizo, kiwanja chetu kizima ni mawe. Fundi alipiga mtaimbo huku na huku, ukawa unaruka tu. Palipolainika ni mahali pamoja tu, nyuma ya jiko. Akachora duara la majivu pale, akasema kesho tunaanza.

Mama alipoliona lile duara alichukua mkeka wake na ungo wa kunde, akaenda akaketi katikati. Mafundi wakangoja amalize kunde. Alimaliza, hakuinuka. Kesho yake vile vile. Siku ya tatu kaka alifika mwenyewe, akabembeleza, akapandisha sauti, na mama akamtupia ungo usoni. Mama yetu! Mwanamke ambaye hata kuku humfukuza kwa adabu! Tulipomuuliza kwa nini, alisema, "Hapa sitaki," na hilo likawa jibu lake kwa wote, pamoja na mchungaji aliyeletwa kumwombea. Basi mpango ukawa huo: Jumamosi mama aondolewe, Jumatatu shimo lichimbwe.

Alhamisi hiyo mchana nilikuwa peke yangu chumbani mwake. Yeye alikuwa nje, ndani ya duara lake. Nilikwisha toa nguo zote kabatini, nikalisukuma lile kabati nifagie nyuma, maana mende walikuwa wamejifanyia mji. Ukutani, juu ya chokaa, kulikuwa na mwandiko wa baba kwa rangi nyekundu, mkato kila baada ya tarakimu tatu kama alivyotufundisha:

37,304,899,392,781

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Niliijua ni nini. Nilikuwa nimeisikia habari yake tangu utotoni, ila sikuwahi kuiona, na baba alipofariki tulidhani amekwenda nayo.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mama yake, ambaye sisi kwa Kigiriama tulimwita hawe, hakutaka kabisa watoto wahesabiwe. Kuku, sawa. Minazi, sawa. Watoto, la. Kumwelekezea mtoto kidole ukasema huyu wa kwanza, huyu wa pili, kwake ilikuwa ni kuwaita walio chini ya ardhi waje wachague. Maafisa wa sensa walipokuja, hawe aliwaambia tuko "wengi," wakaandika wanavyojua. Sasa mwalimu wa hesabu asiyeruhusiwa kuhesabu watoto wake mwenyewe atafanya nini? Baba alitafuta njia ya kupita pembeni.

Alichukua uzito wa kila mtoto siku aliyozaliwa, kwa gramu, kama ulivyoandikwa kwenye kadi ya kliniki. Kisha akapanda juu, namba moja moja, mpaka akutane na namba isiyogawanyika kwa chochote isipokuwa moja na yenyewe. Vitabuni huitwa namba tasa. Mama alipolisikia hilo jina alikataa katakata, watoto wake wasifananishwe na tasa, kwa hiyo nyumbani kwetu ziliitwa namba ngumu. Kaka alizaliwa na kilo tatu na gramu mia mbili, namba yake ngumu ni 3203. Mdogo wetu wa kike, ambaye sasa yuko Nairobi, ni 2903. Mimi nilikuja kilo mbili kamili, kipande cha mtu. 2001 inagawanyika kwa tatu, 2002 ni shufwa, basi nikawa 2003. Kaka alikuwa akinitania kwamba hata samaki wa jioni ile alinizidi.

Na sheria yake ya pili: hakuna wawili wa namba moja. Watoto wakilingana uzito, wa nyuma angesogea mbele kwenye namba ngumu inayofuata.

Namba zetu baba alizizidisha pamoja, akapata namba moja kubwa. "Sijawahesabu, mama," alimwambia hawe. "Nimewazidisha." Hawe akafikiri, akasema kuzidisha hakuna ubaya. Sisi alitueleza uzuri wake: namba ya namna hiyo ina watoto wake, na watoto hao hawabadiliki. Uivunje leo, uivunje baada ya miaka mia, uanzie popote, watatoka wale wale. Na humo ndani hakuna mkubwa wala mdogo, maana alama ya mara haina foleni. Alisema ameiandika mahali salama. Tukauliza wapi. Akacheka.

Niliokota kalamu, nikapasua boksi la sabuni nipate pa kuandikia. Simu nilikuwa nayo mkononi lakini kazi ya baba nilitaka kuifanya kwa mkono. Mazoea ya darasani yakaanza yenyewe. Inaishia na moja, kwa hiyo si shufwa wala si ya tano. Jumla ya tarakimu ni sabini na tatu, kwa hiyo si ya tatu. Nikacheka peke yangu, nikafuta machozi, nikaanza na kaka. Nikaigawa kwa 3203. Ugawanyaji mrefu, hatua kwa hatua, jasho likidondokea boksi. Ikaingia bila baki: 11,646,862,127. Haya, kaka yumo. Nikaigawa kwa 2903, namba ya mdogo wetu. Ikaingia bila baki. Sasa ilipaswa nibaki mimi tu, 2003.

Nilibakiwa na 4,012,009.

Ala! Nikarudia. Nikarudia tena kwa simu. Jibu likawa lile lile. Mtu mwingine angehangaika nayo, lakini mimi nimefundisha namba mraba miaka mingi na sura zake nazijua. Nne, kumi na mbili, tisa. Mbili mara mbili, mbili mara tatu ukaongeza maradufu, tatu mara tatu. Hiyo ni 2003 mara 2003.

Nikajigawa mwenyewe. Nikabakiwa na mimi.

Wazo la kwanza lilikuwa kwamba baba alikosea, na liliniuma, kwa sababu baba alikuwa hakosei. Alikuwa mtu wa kukokotoa mara tatu bei ya chumvi. Na kosa gani hilo la kumzidisha mtoto mmoja mara mbili? Bila ile ya ziada namba yetu ingekuwa 18,624,512,927, tarakimu kumi na moja tu. Mtu hakosei akaongeza tarakimu tatu nzima kwa bahati mbaya.

Ndipo mengine yakanijia. Kuna mambo nilikuwa nimeyazoea maisha yangu yote bila kuyapa jina. Nikiandaa chakula cha watoto wa nyumbani, sahani zilikuwa zinatoka nne badala ya tatu, mama ananyang'anya moja haraka anairudisha rafuni. Darasani nikihesabu vichwa napata mmoja zaidi, nahesabu upya, natukana macho yangu. Mara nyingi mno nimeingia chumbani nikahisi mtu ametoka sasa hivi. Si jambo la kutisha, ni kama kiti chenye joto. Na mama, kila nikilala kwake, asubuhi hunigusa kifuani kabla hajanisalimu, yaani ahakikishe. Mwanamke mtu mzima mimi, nimevuka arobaini, bado napimwa pumzi.

Na pale nyuma ya jiko. Kaka alicheza pale, mdogo wetu alicheza pale, lakini mimi nikikanyaga tu, mama angefoka, "Toka hapo!" Nilidhani ananionea.

Nilitoka nje na kipande changu cha boksi. Mama alikuwa ameketi palepale, miguu ameinyosha, kunde mapajani. Nilichuchumaa ukingoni mwa majivu.

"Mama, baba aliwahi kukosea hesabu?"

"Baba yako? Akosee?" Akacheka. "Labda kuoa."

"Nimeiona namba nyuma ya kabati. Mbona yangu imo mara mbili?"

Vidole vyake vikasimama ndani ya ganda la kunde. Hakuniangalia.

"Mama, tulikuwa wawili?"

Sijui magoti yale yalipata wapi nguvu. Aliruka, kunde zikamwagika, akaniziba mdomo kwa kiganja chake, akakandamiza mpaka midomo ikaniuma kwenye meno. "Nyamaza," alinong'ona. "Nyamaza, atakusikia." Macho yake yalikuwa chini, kwenye udongo katikati ya duara. Nilihisi baridi, saa nane mchana, jua la Tezo utosini. Akanishika mkono, akanivuta mpaka upande wa mbele wa nyumba, akafunga mlango, na ndani ya ukumbi wetu, kwa mnong'ono, akaniambia.

Tulizaliwa wawili, wasichana. Wote kilo mbili kamili, nesi akashangaa, akatupima tena. Baba alitaka kumsogeza wa pili kwenye namba inayofuata kama sheria yake inavyosema, kisha akasema hapana, hawa wamekuja na uzito mmoja, wakae na namba moja. Siku ya tatu mmoja aliamka hana pumzi. Hawe ndiye aliyesimamia. Mtoto mchanga hakaliwi matanga. Wanawake walimzika nyuma ya jiko, pale maji ya kuogea yalipokuwa yakimwagika, ili alale penye ubaridi. Na hawe akaweka katazo: asitajwe. Aliyebaki asijue, na aliyekwenda asimsikie aliyebaki akimtaja, la sivyo atakuja kumchukua mwenzake.

"Hata kulia nilikatazwa," mama alisema. "Nilikuwa nalia jikoni nasingizia moshi."

"Na baba?"

"Hawe alimwambia aifute ile namba. Baba yako akasogeza kabati mbele yake, akamwambia nimefuta. Mdogo wenu alipozaliwa akalivuta, akapaka chokaa, akaandika upya. Nikamwambia, sasa mtoe, baba. Akasema nikimtoa itakuwa namba ya watu wengine, si sisi."

Nilikasirika. Nasema wazi, nilikasirika sana. Nilitaka kumpigia mtu kelele, na wote waliostahili kelele zangu walikuwa wamekufa, isipokuwa huyu kikongwe aliyekuwa bado amenishika mkono kana kwamba nitakimbia. Nikamuuliza kwa ukali kwa nini hakumwambia kaka. Neno moja tu, na duara lingefutwa, na asingeitwa mwendawazimu na watoto wake.

"Ningemwambia kaka yako, angekwambia wewe," alisema. "Ungemtaja. Ningebaki na nani? Nikaona heri mseme nimerukwa." Halafu uso ukamkunjamana. "Lakini choo, mwanangu? Kinyesi? Juu yake? Ningeliachaje?"

Wiki nzima alikaa juani juu ya mkeka, huku anamlinda mmoja na choo na mwingine na kifo, na sisi tukimwitia mchungaji. Nilimkumbatia, nikalia kwa sauti, na kwa mara ya kwanza hakuniambia ninyamaze.

Nilipompigia kaka nilimweleza yote. Kisha akauliza, "Namba yake?" Nikamwambia 2003. Akasema, "Kumbe." Akakata simu. Ijumaa alfajiri alikuwa amekwisha fika. Mama alimkuta nyuma ya jiko anafuta majivu kwa mikono, suruali ya kazini imechafuka yote, akamwambia, "Shikamoo, mama," akashindwa kuendelea. Mama akaitikia marahaba, akamtaka asikanyage katikati. Choo kimechimbwa upande wa pili, kwa mafundi wa kupasua mawe. Kaka hakulalamika hata kidogo.

Ningependa kusema kwamba hapo niliponywa. Sikuponywa. Katazo lilikuwa limevunjwa, na aliyelivunja ni mimi, tena nimechuchumaa pale pale. Mama alinishika tangu Alhamisi ile hakuniachia. Nikienda kuteka maji yuko nyuma yangu. Nikilala mchana anaketi kitandani, mkono kifuani pangu. "Mama, mimi sina imani na hayo," nilimwambia. "Nafundisha hesabu." Akasema baba yangu pia alifundisha hesabu. Na niseme ukweli, niliogopa. Niliogopa kama mtoto. Nilijipima homa mara mbili bila kumwambia mtu.

Ijumaa jioni mama aliamua. Kwa vile amekwisha tajwa, haifai kumwacha hivyo hivyo anasikiliza. Aambiwe kwamba hakusahauliwa, na kwamba mwenzake hatakwenda sasa. Kesho yake, siku ile ile aliyokuwa ahamishwe, tutakaa matanga aliyonyimwa, sisi watatu, na mdogo wetu kwa simu.

"Tutamwitaje?" nikauliza. "Alikufa siku ya tatu, alikuwa na jina?"

Mama alikuwa anakoroga uji. Aliendelea kukoroga.

"Wa kwanza kutoka alipewa jina palepale," alisema. "Hawe alimpa jina la mama yake mzazi. Wa pili alikuwa angoje siku ya saba. Akafa yule wa kwanza. Jina la mtu mkubwa vile haliwezi kuingia ardhini na mtoto wa siku tatu, hawe alisema, litafutiwe wa kulibeba. Ukapewa wewe."

"Kwa hiyo mimi ni wa pili."

"Wewe ni wa pili."

"Na jina langu?"

"Nilikusudia nikuite kwa jina la mama yangu mimi," alisema. "Halikupata nafasi."

Nilienda nje nikasimama. Nimeliandika jina hilo kwenye vyeti vyote, kwenye ubao siku ya kwanza ya kila muhula, kwenye kadi ya harusi yangu. Wanafunzi wananitania nalo wakidhani sisikii. Nilijaribu kulitamka polepole na likanikwama, kama nguo ya kuazima ambayo mwenyewe umekutana naye macho kwa macho. Baba alijua. Hakuniandika mimi na mwingine. Aliandika namba moja mara mbili, na katika kuzidisha huwezi kujua ipi ni ipi, hata uwe mwalimu wa namna gani.

Jumamosi asubuhi tulitoka. Kaka alibeba mkeka, mimi kata ya maji na unga kidogo, simu ya kaka imeshikiliwa juu ili mdogo wetu aone. Tulimsaidia mama kupiga magoti, huku na huku tumemshika kwapani. Akamimina maji taratibu, udongo ukayanywa. Akaweka viganja vyote viwili chini. Kisha akaita jina langu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniitia nikiwa mdogo, nirudi nyumbani chakula kiko tayari.

Kinywa kilikuwa kimekwisha nifunguka niitike labeka. Kaka akanitazama. Nikakifunga.

Mama akaita tena, nami nikainamisha kichwa, nikasikiliza pamoja nao.